Ratiba Isiyoujua Mto: Msimu wa Soka ya Wanafunzi Katika Delta ya Tana

Muhula wa pili wa 2024 ulipangiwa kuanza Aprili 29. Ukasogezwa hadi Mei 6, ukaahirishwa tena bila tarehe, na mwishowe shule zikafunguliwa Mei 13. Shule nyingi za bara zilizifidia wiki hizo mbili bila shida kubwa. Garsen, Ngao, Tarasaa na Wema hesabu yao ni nyingine. Muhula wa pili ndio muhula wa soka ya shule za upili, na Mei ndio mwezi ambao Mto Tana, mvua zikiwa nyingi, huwa umepanda kingo zake na kutandaa mbugani. Wizara hufungua shule kwa tangazo, lakini uwanja haufunguki hivyo. Maji yakitoka huacha tope, tope hutaka jua la wiki kadhaa, na kufikia hapo mchujo wa kaunti ndogo umeshapita.

Soka ya Pwani ikizungumzwa, majina yanayotangulia ni ya Mombasa, Kilifi na Kwale. Tana River hutajwa mwishoni pamoja na Lamu, na sababu zinazotolewa ni tatu zile zile: hakuna pesa, hakuna viwanja, vijana hawana nidhamu ya mazoezi. Hii ya tatu ni tusi, na anayeisema hajawaona wavulana wa delta wakicheza pekupeku kwenye jua la saa nane. Mbili za kwanza ni kweli, lakini hazielezi kwa nini msimu hukatika mahali pale pale kila mvua zinapokuwa kubwa, kwa timu yenye njumu na isiyo na njumu sawasawa. Ninaamini tatizo la kwanza ni kalenda. Kabla ya kuulizia jukwaa la saruji, tuulize msimu ulipangwa na nani, naye alikuwa akitazama anga ya wapi.

Maji yanayofurika Garsen hayakunyesha Garsen. Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini, takriban kilomita 1,000, na maji yake hutoka kwenye milima ya Aberdare na Mlima Kenya. Njiani hupita mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga, lililokamilika 1981, ndilo kubwa kuliko yote na ndilo la juu kabisa. Likijaa na kumwaga, mengine hufuata, na baada ya siku kadhaa maji hufika Madogo, Bura, Hola, kisha Garsen, hadi yanapoingia baharini Kipini. Ndiyo sababu mwalimu wa michezo wa delta anaweza kuamka asubuhi yenye jua kali, mbingu haina wingu, na jioni goli moja la uwanja wake liko majini. Mtu aliye mbali hawezi kulielewa hilo kwa urahisi. Mechi ikiahirishwa kwa sababu ya mafuriko, naye aliuona ujumbe wa simu ukisema huku ni kukavu, hudhani anadanganywa.

Tuchukue kizazi kimoja tu cha wanafunzi. Aliyeingia kidato cha kwanza Agosti 2021 alifanya mtihani wa KCSE mwishoni mwa 2024. Mwaka wake wa kwanza mashindano ya shule yalikuwa yamesimamishwa kwa ajili ya Korona. Mwaka wa pili, 2022, mihula ilibanwa ili kufidia muda uliopotea, Agosti ikakatwa na uchaguzi mkuu, na juu ya hayo ukame uliokuwa umeanza mwishoni mwa 2020 ulikuwa ukiendelea, misimu mitano ya mvua ikishindwa mfululizo. Familia za wafugaji zilihama na mifugo, na watoto wao wakahama nazo. Mwaka wa tatu, 2023, ulimpa nafasi ya kucheza, kisha Novemba zikaja mvua za El Niño. Mwaka wa nne ndio huo wa mafuriko ya Aprili na Mei. Kijana huyo, hata awe na mguu gani, alipata msimu mmoja unaofanana na msimu. Mwenzake wa Mombasa alipitia Korona ile ile na uchaguzi ule ule, lakini hakuhamishwa na ukame wala hakuzuiwa na mto. Tukiwalinganisha mbele ya mchagua vipaji na kusema mmoja ana uzoefu na mwingine hana, tunakuwa tumepima mafuriko na kuyaita kipaji.

Baada ya maji unakuja umbali. Kaunti ya Tana River ina eneo la takriban kilomita za mraba 38,000, kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943 tu. Kutoka Kipini hadi Madogo kwa barabara ni takriban kilomita 300. Fainali za kaunti huwakutanisha watu wa ncha hizo mbili. Timu ikifuzu kwenda mashindano ya eneo la Pwani, kuna kilomita nyingine zaidi ya 200 za kufika Mombasa. Na barabara zenyewe huwa ndizo za kwanza kukatika. Mwezi Aprili 2024 basi la abiria lilisombwa na maji eneo la Tula, si mbali na Madogo, na abiria wakaokolewa. Barabara ya Garsen kwenda Lamu nayo ilizama sehemu za Gamba, mabasi yakasimama. Ni mwalimu mkuu gani atakayeweka saini ya kuwapandisha watoto wa watu kwenye gari wiki kama hiyo, kwa ajili ya mechi?

Hapo ndipo unapozaliwa ushindi wa mezani, ugonjwa mkubwa wa msimu wetu. Timu isiyofika hupoteza pointi, iliyofika huvuka, jedwali hujazwa, ripoti huandikwa kwamba mashindano yamekamilika. Mtu akisoma jedwali hilo miaka mitano baadaye ataona shule ya delta imefungwa, wala hataona kwamba haikucheza. Uongo wa namna hiyo hauna wa kulaumiwa moja kwa moja, kwa maana kila aliyehusika alifuata kanuni. Lakini matokeo yake ni kwamba timu zilizo karibu na lami hucheza mechi nyingi zaidi, hujifunza zaidi, na mwaka unaofuata huonekana bora kwa haki.

Fedha nazo zina mlango wake katika jambo hili, ila si ule unaotajwa sana. Serikali hupeleka fedha kwa shule za upili kwa idadi ya vichwa. Kiwango kilichowekwa ni shilingi 22,244 kwa mwanafunzi wa kutwa kwa mwaka, na sehemu ndogo ya hiyo ndiyo ya michezo, nayo hufika kwa mafungu na mara nyingi ikiwa pungufu. Lakini gharama ya msimu haiendi kwa vichwa, inakwenda kwa kilomita. Shule ya mjini yenye wanafunzi 1,200 inatembea kwa miguu hadi uwanja wa jirani. Shule ya kando ya mto yenye wanafunzi 200 inakodi gari la siku nzima, inalipa mafuta, chakula, pengine na malazi, kwa fungu lililo sehemu ya sita ya lile la mwenzake. Timu ni watu kumi na mmoja uwanjani pande zote mbili. Hesabu hii haihitaji mtu mwovu ili ilete dhuluma, na ingekuwa vile vile hata kila shilingi ingefika kwa wakati.

Tena 2025 kulikuwa na pigo ambalo halikuzungumzwa sana michezoni. Kwa kuwa mtaala wa umilisi uliwaacha wanafunzi wa gredi ya tisa katika sekondari msingi, mwaka huo hakukuwa na kidato cha kwanza nchini. Shule kubwa hazikuhisi. Shule ndogo iliyokuwa ikichagua kikosi kutoka madarasa manne ilibaki na matatu, na mlinda lango akiumia hakuna wa kumrithi.

Kuhusu uwanja wenyewe nitasema machache, maana hapa malalamiko ya watu ni sahihi na yameshasikika. Udongo wa delta ni mfinyanzi mweusi. Ukilowa unanasa mguu, ukikauka unapasuka nyufa zinazoweza kumeza kifundo. Juu zaidi, pande za Bura na Hola, kuna mathenge, mti ulioletwa miaka ya themanini kuzuia jangwa na sasa umekula malisho, mashamba na viwanja. Mwiba wake hupenya soli ya kiatu, mpira wa ngozi hauna ujanja mbele yake. Timu ya huko hununua mipira kwa kasi ambayo mhasibu wa shule haielewi.

Ninalotaka kukaa nalo zaidi ni hili la nani huvaa jezi moja na nani. Timu za mtaani Tana River ni timu za vijiji, na vijiji vingi ni vya jamii moja. Wapokomo wako kandokando ya mto wanakolima mpunga, ndizi na maembe. Waorma na Wardei wako pembeni, kwenye malisho. Wamunyoyaya, Wamalakote, Wagiriama, Wabajuni na wengine wana maeneo yao. Kwa hiyo mechi ya kijiji na kijiji huwa, hata bila kukusudia, mechi ya kabila na kabila. Kiangazi mfugaji huhitaji kushuka na ng'ombe kwenye maji kupitia malka, njia ya mifugo ya kufikia mto, na mkulima huhitaji kulinda mazao yaliyo kwenye ukingo ule ule. Mvutano huo ukikutana na penalti yenye utata, refa hana kazi rahisi.

Hatuyasemi haya kwa nadharia. Agosti 22, 2012 watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa Riketa. Septemba 10 mwaka huo watu 38, wakiwemo polisi tisa, waliuawa Kilelengwani. Desemba ikafika zamu ya Kipao. Serikali iliweka kafyu ya usiku, vijiji vikachomwa, watu wakakimbia, na uchaguzi wa Machi 2013 ukafanyika majeraha yakiwa mabichi. Baada ya hapo zilikuja mechi za amani: jezi mpya, hotuba, kombe, picha ya wazee wakishikana mikono. Sizidharau. Mahali ambapo vijana walikuwa hawapandi matatu moja, kuwafikisha kwenye uwanja mmoja ni kazi. Lakini mechi ya siku moja kati ya kijiji hiki na kile bado inawaweka watu pande mbili zilizokuwapo jana.

Timu ya shule ni kitu kingine. Katika shule ya bweni ya Garsen au Ngao, beki wa kushoto anaweza kuwa mtoto wa mfugaji na winga wake mtoto wa mkulima, nao watapasiana mpira kwa miaka kadhaa. Watasafiri pamoja, watalala sakafu moja, watafungwa pamoja na kulaumiana pamoja. Sijui chombo kingine katika kaunti kinachofanya hivyo kwa vijana wa umri huo, na kwa gharama ndogo namna hiyo. Kwa sababu hii tu, msimu wa shule unaokatika Mei ni hasara kubwa kuliko pointi. Ukimpokonya kijana wa delta mechi kumi, umepunguza saa ambazo angekaa na mwenzake wa upande wa pili akiwa na sababu ya kumtakia heri.

Usalama uliwahi kuuzima msimu kwa njia nyingine pia. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, ambapo watu 148 waliuawa, kafyu ya saa kumi na mbili na nusu jioni hadi asubuhi iliwekwa Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Mechi hapa huanza saa kumi kwa sababu ya joto. Ukijumlisha muda wa mapumziko na safari ya kurudi, kafyu ya saa kumi na mbili na nusu haiachi mechi ya ugenini. Chuo chenyewe kilifungwa hadi Januari 2016, na wanafunzi wakahamishiwa Eldoret. Kwa vijana wa upande wa juu wa kaunti, chuo kikuu kilichokuwa jirani yao kikawa mbali ghafla.

Hapa niseme jambo ambalo mashabiki wengi hawalijui. Kila Harambee Stars wanapopanga mstari na wimbo wa taifa kupigwa, kama ilivyokuwa Kasarani Agosti 2025 wakati wa michuano ya CHAN, lahani inayosikika ilitoka huku. Ni wimbo wa kina mama wa Kipokomo wa kubembeleza watoto, uliochukuliwa na kamati ya wanamuziki mwaka 1963. Mto huu umeipa kila mechi ya taifa mwanzo wake, nao watoto wake hawajahakikishiwa ligi ya miezi mitatu.

Akimaliza kidato cha nne, mchezaji mzuri huondoka. Pwani University iliyopata hati yake 2013 iko Kilifi, vyuo vingine viko Malindi na Mombasa, na huko atacheza ligi za vyuo akivaa rangi za mahali pengine. Hilo ni haki yake. Athari yake kwa nyumbani ni kwamba timu za mtaani hupata nguvu likizo tu, wanachuo wanaporudi, kisha huporomoka Januari. Na likizo ya Desemba huangukia mwisho wa vuli, wakati mto unaweza kuwa umejaa tena. Kwa hiyo timu ya wakubwa inakumbwa na kilekile kinachoikumba timu ya shule: watu wakiwepo, uwanja haupo, uwanja ukiwepo, watu hawapo.

Pengo hilo hujazwa na makombe ya wanasiasa. Sheria ya mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge iliruhusu sehemu ya fedha itumike kwa michezo, na kuna kombe la mbunge, kombe la gavana, kombe la mtu anayetaka kuwa mmojawapo. Kombe la namna hiyo huwa na wiki mbili za shangwe na jezi seti moja. Mwaka wa kabla ya uchaguzi huwa mengi, mwaka wa baada yake huwa machache. Vijana hawana kosa kuyacheza. Ila kombe la mtoano humpa mechi moja timu iliyofungwa mapema, na mchezaji hujengwa na mechi nyingi. Fedha hizo hizo zingeendesha ligi ndogo ya mizunguko miwili.

Wasichana wana mzigo wa ziada. Hayo yote yanawapata, kisha kuna mzazi asiyetaka binti yake alale ugenini, na mechi iliyoahirishwa mara mbili humpa sababu ya kumzuia mara ya tatu. Ratiba inayoaminika ingewasaidia wao kuliko wavulana.

Wapo watakaosema kalenda ya kitaifa haiwezi kupindwa kwa ajili ya kaunti moja. Lakini kalenda za soka zimepindwa daima kufuata hali ya hewa. Uswidi na Norway hucheza ligi zao kuanzia masika yao hadi vuli, kwa sababu baridi kali haichezeki, wakati Uingereza huanza Agosti na kumaliza Mei. Kombe la Dunia la 2022 lilihamishwa kutoka Juni hadi Novemba na Desemba kwa sababu ya joto la Qatar, na ligi kubwa za Ulaya zikasimama katikati kulipisha. Ligi Kuu ya Kenya nayo ilibadili msimu wake mwishoni mwa 2018 ili ifanane na Ulaya. Tunaweza kuhama kwa ajili ya kufanana na Ulaya, basi tunaweza kuhama kwa ajili ya Mto Tana.

Wala si lazima taifa zima lihame. Mashindano ya kitaifa ya shule hufanyika mwisho wa muhula wa pili. Kinachohitajika ni hatua za mwanzo za Tana River zichezwe mapema. Januari na Februari mbuga ni kavu, barabara zinapitika. Mchujo wa kaunti ndogo unaweza kumalizwa muhula wa kwanza, na washindi wakasubiri. Kikwazo ni kwamba muhula huo ni wa riadha, mpira wa vikapu, mpira wa mikono na mingine, na mwalimu wa michezo ni yule yule mmoja. Kikwazo cha pili ni Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja: 2024 ilianza Machi, 2026 ilianza Februari. Kwa miaka michache ijayo itakaa ndani ya dirisha hilo hilo la ukavu, na mpangaji asiyeiangalia atakuwa ametupa nje sehemu kubwa ya wachezaji wa kaunti. Itabidi wiki za kwanza za Januari zitumike zote, na mechi zitakazobaki zihamie alasiri za Jumamosi za mwisho wa muhula, mvua zikichelewa.

Jambo jingine ni makundi. Delta iligawanywa na mto, basi makundi yafuate mto: shule za upande wa Garsen, Minjila, Tarasaa na Ngao zicheze kivyao, za upande wa Wema, Gamba na Kipini kivyao, kila kundi mahali pamoja kwa siku mbili au tatu, mechi kadhaa kwa safari moja. Timu iliyofungwa asubuhi icheze tena jioni. Gharama ya kilomita inashuka, idadi ya mechi inapanda, na daraja likifungwa msimu hauvunjiki wote.

Nafasi ya kulifanya hili ipo kila mwaka. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa makadirio ya mvua ndefu kabla ya mvua zenyewe kuanza, na mabwawa ya juu yakikaribia kujaa onyo hutolewa kwa watu wa chini. Katiba imeweka michezo na viwanja vyake mikononi mwa serikali za kaunti, na chama cha michezo cha shule kina walimu wanaoijua kila njia ya mtumbwi. Kikao chao cha kupanga msimu kikae Hola au Garsen, makadirio hayo yawe mezani pamoja na orodha ya uwanja upi huzama kwanza na upi hubaki juu, na tarehe za mechi ziwe jambo la mwisho kuandikwa.